Kufungasha kwa Safari ya Unguja Wakati wa Joto: Mwongozo kwa Mtu wa Nyanda za Juu

Mtu aliyezaliwa na kukulia Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hujifunza tangu utotoni kufungasha begi kwa kuiogopa baridi. Huanza na sweta, hufuatisha koti, soksi nzito na kopo la mafuta ya kuzuia ngozi isipasuke, kisha mengine hutafutiwa nafasi iliyobaki. Mazoea hayo humfaa akienda Makete au Mbeya, lakini humponza akiteremka kwenda Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa, na humponza zaidi akisafiri kati ya Januari na Machi, wakati wa upepo wa kaskazi, ambapo joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33 na usiku halishuki sana chini ya nyuzi 24. Nayaandika haya kwa sababu yaliniponza mimi mwenyewe, na kwa sababu bado nawaona majirani zangu wakirudi kutoka pwani na harara shingoni na begi linalonuka uvundo, ilhali taabu hiyo yote ingeweza kuepukwa nyumbani, jioni moja kabla ya safari.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba joto la Unguja si joto la Dodoma. Dodoma jua ni kali, lakini hewa ni kavu, kwa hiyo jasho likitoka hukauka papo hapo, na kule kukauka ndiko kunakoupoza mwili. Kisiwani hewa yenyewe imekwisha kushiba maji. Jasho linatoka kama kawaida, ila haliondoki. Hutiririka mgongoni, hulowesha nguo, na mwili haupati nafuu yoyote. Kwa sababu hiyo, unapofungasha kwa safari ya aina hii usijiulize kama nguo ni ya joto au ya baridi. Shika kila kitu mkononi, kiwe shati, kiatu au mkanda, ujiulize: kikilowa, kitakauka lini?

Mara ya kwanza nilipokwenda Unguja ilikuwa mwezi wa Machi, na nilikuwa nimebeba suruali mbili za jinzi, mashati matatu ya poliesta ambayo niliyaona ya heshima, na viatu vyeusi vya ngozi. Nilifikia Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, nyumbani kwa bibi mmoja, mama mzazi wa rafiki yangu. Siku ya pili asubuhi nilipotoka chumbani kumwamkia, aliniangalia nilivyolowa ilhali sijafanya kazi yoyote, akaniomba shati moja kati ya yale yaliyokuwa kwenye kamba. Akalikunjua, akaliweka midomoni, akapuliza. Kisha akauvuta mkono wangu, akauweka upande wa pili wa kitambaa na kupuliza tena, nami sikuhisi kitu. "Hili halina pumzi, mwanangu," akaniambia. "Upepo haupiti. Hilo jasho litatokea wapi?" Akaingia ndani, akarudi na kikoi kikuukuu cha marehemu mumewe, akapuliza mbele yangu, na pumzi yake ikanifikia kiganjani, yenye uvuguvugu, kana kwamba hapakuwa na kitambaa kati yetu.

Kipimo hicho sijakiacha hadi leo, na ndicho ninachokupendekezea. Kabla ya kuweka nguo yoyote begini, ipulize. Pamba nyepesi iliyofumwa kwa ulegevu hupitisha pumzi, na kitani hupitisha vizuri zaidi. Madera mengi yanayovaliwa na wanawake wa pwani hupitisha pia, na upana wake huiacha hewa iingie chini na kutokea shingoni, na hiyo ndiyo siri ya kanzu pia. Vitenge vizito vyenye nta, ambavyo huku kwetu vinapendwa kwa kutia joto, havipitishi pumzi ya kutosha, hivyo beba kimoja tu cha shughuli rasmi kama kipo. Jinzi iache nyumbani kabisa. Hata kama inavalika kwa subira, ikilowa mvua au jasho inaweza kukaa kwenye kamba siku mbili bila kukauka, na begini ni mzigo wa bure.

Baada ya kupuliza, fanya jaribio la pili ukiwa na muda. Lowesha nguo, ikamue, itandaze juu ya taulo au khanga kavu, uvikunje pamoja kama mkeka na kuvikanyaga kwa magoti ili kitambaa kikavu kinyonye maji, kisha ianike ndani ya nyumba usiku. Ikiwa asubuhi imekauka kila mahali isipokuwa kwenye mshono wa kiuno au kola, hiyo ni nguo ya safari. Ikiwa bado ni mbichi katika Njombe, itakuwa mbichi zaidi kisiwani, hasa wakati wa masika, kati ya katikati ya Machi na Mei, ambapo mvua inaweza kukunyima jua siku nzima.

Kuhusu idadi, wengi hukosea kwa kuhesabu siku. Wenyeji wa pwani huoga mara mbili kwa siku au zaidi na hubadili nguo kila wanapooga, na mgeni atajikuta akifanya hivyo hivyo bila kushauriwa. Mimi huhesabu kamba, sihesabu siku: mashati mawili ya leo, mawili yaliyofuliwa yanayokauka, na moja la akiba kwa siku ambayo mvua itaizuia kamba isifanye kazi. Matano yanatosha kwa wiki nzima, na yanatosha pia kwa wiki tatu. Suruali nyepesi mbili, kikoi au msuli wa kukaa nao ndani na kulalia, na nguo za ndani za pamba saba au nane, kwa kuwa hizo ndizo zinazokaa na unyevu karibu na ngozi na ndizo zinazoleta michubuko na fangasi. Mke wangu, ambaye sasa anaizoea safari hii kunishinda, hubeba madera matatu, blauzi mbili za mikono mirefu na sketi moja ndefu, na hajawahi kulalamika kwamba amepungukiwa. Rangi ya kijivu tunaiepuka sote wawili, maana huonyesha kila tone la jasho; nyeupe au yenye maua haionyeshi.

Khanga doti moja haikosekani kamwe katika mizigo yetu. Vipande viwili vya pamba nyepesi, kila kimoja kikiwa na upana wa kumfunika mtu mzima, hufanya kazi ya taulo, shuka, pazia, mtandio wa kichwa, kitambaa cha kukalia ufukweni na hicho cha kukamulia nguo nilichokieleza. Taulo nene la nyumbani linachukua nafasi ya mashati matatu na likilowa mara moja halirudi kuwa kavu mpaka uondoke. Ukiwa huna khanga, acha nafasi ya kuinunua hukohuko, katika soko la Darajani, ambako utapata na kazi ya kusoma majina yake, yaani misemo iliyoandikwa juu yake.

Staha nayo ni sehemu ya kufungasha. Unguja na Pemba ni visiwa vya Waislamu kwa sehemu kubwa sana, na mtu anayetembea Mji Mkongwe au vijijini na mabega na magoti wazi anawakera wenyeji wake hata kama hawatamwambia. Kwa bahati njema, mavazi ya staha na mavazi ya kuhimili unyevu ni yaleyale: mapana, marefu, mepesi. Mikono mirefu ya pamba humkinga mtu na jua la adhuhuri na mbu wa magharibi kwa wakati mmoja, na mara nyingi nimemwona mgeni aliyevaa fulana ya kubana akiteseka kando ya mzee aliyevaa kanzu.

Viatu ndivyo vilivyonitia hasara. Vile vyeusi vya ngozi nilivivaa siku mbili, nikaona vinanichoma, nikavitia kabatini na kuvisahau. Baada ya siku tano nilivitoa nikakuta vimeota ukungu wa rangi ya majivu kuanzia kisigino hadi kidoleni, na mkanda wangu uliokuwa umekunjwa ndani yake ulikuwa vivyo hivyo. Ngozi iliyofungiwa mahali pasipo upepo katika unyevu ule haina kinga. Ikiwa shughuli yako inakulazimu kuwa na viatu rasmi, visindilie magazeti makavu, uyabadilishe kila baada ya siku mbili, na uviache nje ya kabati mahali panapopita hewa. Vinginevyo, beba kandambili au sandali zinazovulika kwa urahisi, kwa sababu kila nyumba utakayoingia utaviacha mlangoni, na makubadhi mazuri utayapata kulekule. Kwa anayekusudia kwenda pwani ya mashariki, kama Paje au Jambiani, ambako maji yakitoka mtu anaweza kutembea mbali sana juu ya miamba, naomba aongeze viatu vya mpira au yeboyebo zinazoshika kisigino. Kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaokaa kwenye mashimo ya matumbawe, na mwiba wao ukivunjikia ndani ya nyayo humharibia mtu safari nzima.

Sasa niseme juu ya ngozi na dawa, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Yale mafuta mazito tunayojipaka huku kwetu alfajiri ili midomo na miguu isipasuke, yaache. Kisiwani huziba vinyweleo, jasho hukwama chini ya ngozi, na harara huanza shingoni, kwenye kwapa na chini ya matiti. Kwa watoto wachanga huenea mgongo mzima na kuwanyima usingizi. Chukua kopo dogo la mafuta ya mgando kwa kazi moja tu, ya kupaka kati ya mapaja kabla ya kutembea, kwa sababu jasho na msuguano huchubua hapo katika muda wa saa moja. Chukua losheni ya kukinga jua, na kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao wengi wao wanaifahamu losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi, hii iwe ya kwanza kuingia begini na iwe ya kutosha kupaka mara kadhaa kwa siku, maana jasho huiondoa upesi. Dawa ya kufukuza mbu hupakwa juu ya losheni hiyo, baada ya losheni kuingia kwenye ngozi.

Mbu ni suala zito kwa mtu wa nyanda za juu kuliko kwa mwenyeji. Aliyekulia mahali penye malaria kidogo hana kinga ya mwilini aliyonayo mtu aliyeugua mara nyingi, na ingawa Unguja imefanikiwa sana kuipunguza malaria, njiani utalala au utapumzika Morogoro au Dar es Salaam. Onana na daktari au mfamasia mapema kuhusu dawa za kinga, hasa ukiwa na mjamzito au mtoto mdogo. Beba chandarua chako chepesi chenye dawa pamoja na kamba mita nne au tano, kwa kuwa mara nyingi nimekuta chandarua cha mwenyeji kimetoboka au hakuna misumari ya kukifungia. Kumbuka pia kwamba mbu wa homa ya dengi, ambayo iliwahi kulipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana, hivyo kujipaka dawa jioni peke yake hakutoshi. Na ukirudi nyumbani ukapata homa katika wiki zinazofuata, mwambie daktari, kabla hujamwambia jambo lingine lolote, kwamba ulikuwa pwani.

Dawa unazotumia kila siku zisikae kwenye begi kubwa linalopakiwa chini ya basi, ambako joto hupanda kuliko mtu anavyodhani. Zitie kwenye begi la mkononi, katika pakiti zake za awali, kwani vidonge vilivyomwagwa kwenye karatasi hunyonya unyevu na kumomonyoka. Anayetumia insulini awe mwangalifu zaidi. Watu wengi wameelekezwa kuihifadhi ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, na mahali pakavu njia hiyo husaidia, lakini mtungi hupoa kwa maji kuvukiza, jambo lilelile linaloshindwa kufanyika kwenye ngozi yetu tukiwa kisiwani. Penye hewa iliyoshiba maji mtungi hautapoa vya kutosha. Bora kuwa na chupa ya chai yenye mdomo mpana, barafu ikiwa chini, na insulini ikiwa juu yake imefungwa kwa kitambaa ili isigande, na kuuliza mapema kama mwenyeji wako ana friji. Ongeza pakiti chache za chumvi ya kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa, hufanya kazi hiyo kwa dharura.

Kwa nyaraka, fedha na simu, tatizo ni jasho la mfukoni zaidi kuliko mvua. Kitambulisho cha karatasi huchakaa, na noti hushikamana. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Zanzibar, na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usiitegemee. Kopo bapa lenye mfuniko unaobana, lile la kuhifadhia chakula, linafaa zaidi na halivuji. Ndani yake tia vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, ambavyo wengi huvitupa bila kujua kwamba vinanyonya unyevu. Mwenye kamera aiache ndani ya begi kwa nusu saa anapotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, la sivyo lenzi itafunikwa na ukungu na matone yanaweza kuingia ndani. Wanaotoka nje ya Tanzania, katika nchi zenye hatari ya homa ya manjano, waweke hapohapo cheti cha chanjo. Chanjo lazima iwe imetolewa angalau siku 10 kabla, na tangu mwaka 2016 cheti hicho ni cha maisha. Ndugu zetu wanaokuja kutoka bara la Ulaya au Marekani wakumbuke kibadilishi cha plagi yenye meno matatu bapa.

Mpangilio wa begi unategemea safari yenyewe. Unaondoka Njombe alfajiri kukiwa na baridi, na huwezi kuondoka bila sweta, kwa hiyo vaa shati jepesi chini na sweta moja juu, wala usibebe ya pili. Basi likishamaliza kuteremka mlima Kitonga na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni ikianza kuonekana, utahisi hewa imebadilika ghafla, na hapo ndipo mtu asiyejiandaa huanza kuhangaika na begi lililo mbali naye. Weka juu kabisa ya begi la mkononi mfuko mtupu wa kitambaa kwa ajili ya sweta, kitambaa cha jasho, kandambili na chupa ya maji ya lita moja. Usiisukumie sweta chini kabisa, kwa sababu boti ya kwenda Unguja huchukua saa mbili hivi, ndani kiyoyozi kinaweza kuwa kikali, na ukikaa nje mawimbi hurusha maji, hasa wakati wa upepo wa kusi kati ya Juni na Septemba bahari inapochafuka. Anayetapika baharini anunue dawa yake kabla ya kufika bandarini na ainywe kabla ya kupanda, kwani bahari ikishamshika itakuwa amechelewa.

Nguo za ndani ya begi zikunje kwa kuviringisha, kila aina ndani ya mfuko wake wa kitambaa, na uache robo ya begi ikiwa tupu. Nafasi hiyo si ya uvivu. Nguo zinazorudi huwa zimevimba kidogo kwa unyevu, na utataka kubeba mdalasini, iliki na khanga za watu wa nyumbani. Karafuu nunua iliyofungashwa dukani na utunze risiti, maana biashara yake Zanzibar inasimamiwa na serikali. Kombe na matumbawe yaache yalipo.

Jioni ya mwisho usifue. Huo ni msimamo wangu ambao sijaujutia. Nguo mbichi iliyofungiwa begini kwa safari ya siku mbili kurudi Njombe huambukiza begi zima uvundo ambao sabuni haiutoi kwa mara moja. Fua mara ya mwisho asubuhi ya siku iliyotangulia, na chafu za siku ya mwisho zirudi zikiwa chafu lakini kavu, peke yake, katika mfuko wake. Kikoi usikifungashe. Utakihitaji mabegani kuanzia Mikumi jua likizama, na ukifika juu ya Kitonga utatoa sweta na kuivaa juu yake.